Idara ya saikolojia chuoni inafanya nini hasa, na mafanikio yake tuyapimeje?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, huku kwetu Moshi maswali ni yaleyale. Dogo kapata divisheni yake nzuri, anataka kuomba saikolojia chuo kikuu, mzazi ananyamaza kidogo halafu anauliza, sasa mwanangu, hiyo si ya kwenda kukaa Mirembe na wagonjwa wa akili? Shangazi anadakia bora asome ualimu moja kwa moja, ajira inaeleweka. Na kwenye simu za haohao kuna status zimejaa "saikolojia inasema", mara mtu anayependa kukaa peke yake ana akili kuliko wengine, mara ukiota umemuota fulani basi naye anakuwaza. Halafu chuo fulani kinabandika taarifa kwamba idara yao ya saikolojia imepata mafanikio makubwa kwenye utafiti na ufundishaji, na watu wanauliza, mafanikio gani tena, hao kazi yao si kuongea tu?

Hilo swali la mwisho ni zuri kuliko linavyoonekana na linastahili jibu lililonyooka, kwa hiyo naomba tulifungue taratibu.

Saikolojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi, wanavyokumbuka na wanavyotenda, na inachunguza kwa kupima, haikisii. Mzee wa kijiweni anaweza akakwambia jambo la kweli kabisa kuhusu binadamu, tena lenye busara, ila hawezi kukuonyesha ni kweli kwa watu wangapi, kwenye hali gani, na ni wapi linaacha kuwa kweli. Mwanasaikolojia kazi yake ndo hiyo.

Watu wengi wanachanganya wahusika. Daktari wa magonjwa ya akili kasoma udaktari kwanza, halafu akabobea huko, yeye anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hajapita udaktari, anatibu kwa mazungumzo yenye hatua na mazoezi yanayojulikana, na anafanya vipimo. Mnasihi anakushika mkono kwenye magumu ya maisha, msiba, ndoa, shule. Wahamasishaji wa majukwaani ni kundi lingine kabisa, na wapo wanaosaidia watu kweli, lakini kuongea vizuri kuhusu maisha hakumfanyi mtu awe mwanasaikolojia. Na kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, wanasaikolojia wengi tu hawatibu mtu yeyote maisha yao yote, wanachunguza mtoto anajifunzaje kusoma, shahidi anakumbuka nini mahakamani, mfanyakazi anachoka vipi, mtu anaamuaje kuhusu pesa. Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia na mwaka 2002 alipewa Nobel ya uchumi. Kusoma mawazo ya mtu usoni hamna idara inayofundisha hilo popote.

Sasa idara. Ni kitengo cha chuo chenye walimu, wanafunzi na maabara, na hiyo ya maabara ndo inawashangaza watu. Kwa kawaida mwanzo wa saikolojia kama sayansi unahesabiwa mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Alichokuwa anapima ni kidogo mno, kwa mfano inachukua muda gani tangu mtu asikie mlio mpaka abonyeze kitufe. Inaonekana ni mchezo, ila ndo ilikuwa maabara ya watu wanaosema wazi kwamba akili nayo inaweza kupimwa.

Ugumu unaanzia hapohapo kwenye kipimo, maana hofu haina kilo na huzuni haina sentimita, inabidi uulize maswali au uangalie tabia. Chukua mizani ya kahawa ya chama cha msingi. Ukiweka gunia lilelile mara tatu ikasoma kilo 40, halafu 46, halafu 37, hiyo mizani haina uthabiti, unaitupa. Lakini kuna mizani mbaya zaidi ya hiyo, ile inayosoma 38 kila mara wakati gunia lina 40, hii iko thabiti kabisa na bado mkulima anaibiwa. Dodoso la saikolojia linatakiwa lipite kote kuwili, litoe jibu lilelile kwenye hali ileile, na jibu lenyewe liwe ndo lile tulilokuwa tunalitafuta.

Mfano upo hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 la kupima unywaji wa pombe, linaitwa AUDIT, na mojawapo ya maswali yake ni kwamba siku ambayo unakunywa, huwa unakunywa vinywaji vingapi. Kwa mtu anayenunua bia za chupa hilo ni swali rahisi. Sasa mchukue mzee wa Kibosho kakaa na wenzake, kata (kile kibuyu cha kunywea) ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, anapiga mafunda mawili anapitisha, ikiisha inajazwa, inarudi, na mbege yenyewe nguvu yake inategemea nani kapika na imekaa siku ngapi, huyo mzee kanywa vinywaji vingapi? Ukimsomea swali lililogeuzwa harakaharaka kwenda Kiswahili atakupa namba, heshima yake haitamruhusu kukunyima jibu, utaiandika na utaondoka nayo, na haitakuwa na maana yoyote. Ndo maana mtu hawezi kuchukua dodoso la nje akaanza kulitumia kesho yake. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2018 walichapisha kazi ya kulirekebisha dodoso hilo kwa Kiswahili cha Tanzania na kulijaribu kwa wagonjwa walioumia kichwa, kuona kama linashika. Kutokana na mlolongo huo wa kazi ikaja huduma inayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo nesi anakaa na mgonjwa aliyeumia, anaongea naye kwa muda mfupi na kwa mpangilio maalumu kuhusu unywaji wake, bila kumhubiria. Wengi waliotengeneza hiyo ni watu wa afya na tiba ya dharura, hawatoki idara ya saikolojia, lakini zana wanazotumia ni za saikolojia. Mtu akisoma kwenye taarifa "walihakiki dodoso" anaona hamna kitu kimefanyika. Mimi naona ni kazi kubwa kuliko semina kumi, kwa sababu bila kipimo kinachoshika kila kinachofuata kinajengwa hewani.

Ukishakuwa na kipimo unaweza kujibu swali ambalo watu wanalitaka zaidi, je hii tiba inasaidia? Na hapa Moshi ina sehemu yake kwenye historia, ingawa ukiuliza watu mia pale stendi sidhani kama utapata wanaoijua.

Kuna tiba ya mazungumzo kwa watoto waliopitia jambo zito, inamfundisha mtoto kutaja anachohisi, kutuliza mwili, kisha taratibu kabisa anasimulia kilichotokea mpaka kile kitu kinaacha kumtawala. Imetengenezwa Marekani na kule inatolewa na wataalamu wenye digrii zao. Swali likawa, hivi kwenye nchi ambayo wataalamu hao ni wachache mno, mtu wa kawaida akifunzwa vizuri na kusimamiwa anaweza kuitoa? Shannon Dorsey wa idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, akishirikiana na watu wa Duke, na kwa upande wetu taasisi ya TAWREF ya hapa Moshi, walilijaribu. Kwanza majaribio madogo ya watoto 64 Moshi, matokeo yakachapishwa 2014. Halafu wakafanya jaribio kubwa, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nusu yao Tanzania huku Moshi, nusu Bungoma, Kenya, wa mjini na wa vijijini. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata tiba, vikao 12 vya kikundi na vingine vichache vya mtoto mmojammoja, walezi nao wana kikundi chao, na wengine wakaendelea na huduma za kawaida ambazo yatima wa maeneo hayo hupewa.

Kwa nini bahati nasibu? Watu wengi hukasirika hapa, wanaona kama watoto wanachezewa. Sababu ni kwamba ukimwacha mlezi achague, wale walezi wenye bidii ndo watawaleta wa kwao, na watoto wa walezi wenye bidii wangeweza kupata nafuu hata bila wewe. Pia muda wenyewe unatibu, huzuni ya msiba kwa wengi hupungua yenyewe. Bila kundi la kulinganisha utajisifia kazi iliyofanywa na muda. Na wale wa kundi la pili hawakunyimwa kitu walichokuwa nacho, huduma zao ziliendelea.

Matokeo yalitoka 2020 kwenye jarida la JAMA Psychiatry. Tiba ilipoisha, watoto waliotibiwa walikuwa na dalili chache zaidi za kiwewe kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne, Kenya mjini, Kenya vijijini na Tanzania mjini. Tanzania vijijini tofauti haikuonekana. Baada ya miezi 12, Kenya tofauti ilibaki kote kuwili, Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana.

Hapo ndo nataka msomaji atulie. Mtu mwingine angeandika "tiba imefanikiwa", akaweka picha ya watoto wanacheka, basi. Hawa waliandika yote, pamoja na kwamba hapa kwetu vijijini haikupita huduma ya kawaida. Kwa mimi hilo ndo fanikio lenyewe la utafiti, kwamba mtu anayetaka kupeleka tiba hii Singida au Mtwara sasa anajua inaweza kutolewa na mtu wa kawaida aliyefunzwa, na anajua pia kwamba mahali inapotolewa pana uzito, asiende na ahadi ya moja kwa moja.

Ukweli wa namna hiyo saikolojia imejifunza kwa maumivu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Brian Nosek wa Chuo Kikuu cha Virginia lilichukua tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida ya maana ya saikolojia, wakazirudia. Za mwanzo karibu zote, asilimia 97, zilikuwa zimesema zimepata kitu. Ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizopata tena. Kuna waliosema basi saikolojia yote ni uongo, na hilo si sahihi, kutopatikana mara moja hakuthibitishi kwamba kitu hakipo, inategemea idadi ya watu na mazingira. Lakini lilionyesha kwamba watafiti walikuwa wanatumia watu wachache mno, na majarida yalikuwa yanapenda habari za kushangaza kuliko habari za kweli. Tangu hapo idara nyingi zimebadilisha utaratibu, mtafiti anatangaza mapema atapima nini na vipi kabla hajakusanya data, ili asije akageuza swali baada ya kuona majibu, na data anaziweka wazi wengine wazikague. Kwa hiyo idara ikikwambia "tumechapisha makala nyingi", uliza pia ngapi zimerudiwa na zikasimama.

Na kuna lile la "hiyo ni elimu ya Wazungu, haituhusu". Lina ukweli ndani yake, na wa kwanza kulisema kwa sauti ni wanasaikolojia wenyewe. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliandika kwamba sehemu kubwa mno ya tafiti inatokana na watu wa nchi tajiri za Magharibi, tena wanafunzi wa vyuo, halafu inasemwa "binadamu" yuko hivi.

Angalia hili. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia, mwaka 1979 alichapisha utafiti aliolinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Aliwapa kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Zambia wakawapita. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Mtu yeyote aliyekulia uswahilini, Majengo au Pasua, analielewa hili bila kuelezwa, unakunja waya unatengeneza gari lenye bodi na usukani mrefu, matairi unakata kwenye ndala iliyochakaa, unaliendesha mpaka dukani. Ukimpima huyo mtoto kwa penseli tu utaandika "uwezo mdogo" na utakuwa umekosea, kosa likiwa kwenye kipimo chako. Hata Bagamoyo, kwenye utafiti wa Robert Sternberg na wenzake uliochapishwa 2002, watoto wa shule walipewa mtihani, wakaelekezwa kidogo tu mbinu, wakapimwa tena, alama zikapanda. Maana yake ule mtihani wa kwanza ulionyesha walichokuwa wamefundishwa, haukuonyesha wanaweza kufika wapi.

Mfano mwingine ni ule mtihani maarufu wa mtoto na pipi, kwamba akisubiri bila kula anaongezewa ya pili, ulioanzia Stanford kwa Walter Mischel. Timu ya Bettina Lamm ilipolinganisha watoto wa Kinso wa vijijini Kameruni na watoto wa Kijerumani, wa Kinso karibu asilimia 70 walisubiri, wa Ujerumani asilimia 28. Kwa hiyo mtu akikuletea "saikolojia inasema watoto hawawezi kuvumilia", muulize watoto wa wapi, waliolelewa vipi.

Upande wa ufundishaji sitakaa sana, ila kuna jambo moja wanafunzi wetu wangelijua mapema lingewaokoa. Wanafunzi wa saikolojia hushtuka wakifika mwaka wa kwanza wanakuta takwimu, na wengine walikimbia hesabu kwa makusudi. Haikwepeki, maana haya yote niliyoeleza hapo juu ni takwimu. Idara inayofundisha vizuri inamfanya mwanafunzi akusanye data mwenyewe, aombe kibali cha maadili, akosolewe, siyo kukariri majina ya Wazungu na miaka yao.

Na saikolojia imechunguza ufundishaji wenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis (si kile cha Seattle) waliwapa wanafunzi kifungu wasome. Kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunika karatasi na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja wamegeukiana, waliojipima wanakumbuka asilimia 56, waliorudia 42. Yaani ule usiku wa kupitia daftari mara nne kwa haileta unakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya. Funga daftari, andika unachokumbuka, fungua uone ulipokosea, acha siku mbili, rudia. Ni bure na haihitaji intaneti.

Wakati huohuo, lile la "mwanangu anajifunza kwa kuona, yule kwa kusikia", linalofundishwa mpaka kwenye semina za walimu, lilipitiwa na Harold Pashler na wenzake 2008 na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "staili yake" kunamfanya ajue zaidi. Na lile la binadamu kutumia asilimia 10 ya ubongo halina msingi kabisa, jeraha dogo tu sehemu nyingi za ubongo linaacha alama kwenye maisha ya mtu, waulize wanaouguza vijana wa bodaboda walioumia kichwa.

Sasa turudi kwa mzazi na dogo wake. Saikolojia si njia ya mkato ya kuwa daktari. Akitaka kutibu watu ajue shahada ya kwanza haitoshi, kuna uzamili mbele, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Dar es Salaam, wana wa saikolojia tiba, na kuna mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Akipenda mambo ya shule na watoto, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) saikolojia ya elimu iko ndani ya Shule Kuu ya Elimu. Kabla ya kujaza fomu aingie kwenye mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka husika, ahakikishe programu imo, asikubali kuambiwa kwa mdomo. Halafu apige simu idarani aulize wanafunzi wanafanya mazoezi ya vitendo wapi na kwa muda gani, kila mwalimu anasimamia tafiti za wanafunzi wangapi, na madodoso wanayotumia yamehakikiwa kwa Kiswahili au yamegeuzwa tu. Hilo la mwisho asiogope kuliuliza hata kama ni wa kidato cha sita, mwalimu anayeijua kazi yake atafurahi na atamjibu kwa mifano.